Shajara ya mradi: Jeff Mills na wenzake, sehemu ya tatu imefika wapi

Jumapili usiku

Haya wenzangu, updeti. Sehemu ya kwanza ya kipindi chetu, ya Detroit, na ya pili ya Berlin zishatoka, asanteni kwa meseji, na sai tuko kwenye ya tatu. Hii ndo niliyokuwa naisubiri tangu tuanze, manake hapa tunaachana na habari za klabu za chini ya ardhi tunaingia kwenye kazi za hizi juzi, Jeff Mills, DJ wa tekno (muziki wa dansi wa mashine), akipiga muziki na watu wengine. Wengi wanamjua kwa wimbo wa The Bells wa 1997 na wanaishia hapo hapo, ukimwambia mtu jamaa bado anatoa albamu mpya anakuangalia, ati kweli? Kweli bana. Na sio kama wazee wengi wa tekno wanaozunguka dunia na nyimbo zile zile za miaka ya tisini, sina ubaya nao, kila mtu na riziki yake, lakini huyu kazaliwa 1963 na kazi zake ninazozipenda zaidi kazifanya baada ya kupita hamsini.

Kwa aliyeingia leo, nafupisha: ni mtoto wa Detroit, miaka ya themanini alikuwa redioni kwa jina la The Wizard, kwanza WDRQ halafu WJLB, akichanganya santuri kwa kasi ambayo watu walidhani ni watu wawili. Akaanzisha kundi la tekno la Underground Resistance na Mike Banks, Robert Hood akajiunga, Mills akatoka, akaenda New York, akafungua lebo yake Axis 1992 na mpaka leo ni yake. Hayo yote yako kwenye sehemu ya kwanza, sirudii.

Mpango wa sehemu ya tatu nimeubadilisha. Nilikuwa nimeandika orodha ya kila aliyefanya naye kazi, mwaka kwa mwaka, nikaisoma kwa sauti nikasinzia mwenyewe. Sasa kipindi kizima kitashika jambo moja tu, mashine inakaaje na watu kwenye bendi. Yani una mashine ya ngoma ambayo haichoki, haikosei, haisikii, halafu pembeni yake kuna binadamu anayepumua, sasa nani anamfuata nani? Watu wa magazeti wakifika hapa wanaandika "tekno yakutana na jazi" wanafunga laptopu wanaenda kulala. Mi nataka tuingie ndani ya mkutano wenyewe tuone kunafanyika nini.

Jumanne

Leo skripti ya Tony Allen imekamilika, kurasa nyingi kuliko nilivyotaka na binamu yangu (ndiye anayeediti, yuko Doha, anafanya usiku akitoka shifti) keshaniambia zipunguzwe. Nitapunguza lakini sio hapa kwenye Tony Allen, hapa hapaguswi.

Tony Allen ni mpiga drams wa Lagos, kazaliwa 1940, kapiga na Fela Kuti kwenye Africa 70 na Fela mwenyewe alikuwa akisema bila Tony Allen hakuna Afrobeat. Kitu ambacho watu hawakisemi sana ni jinsi alivyojifunza. Alisoma makala za mpiga drams Max Roach kwenye gazeti la jazi la Marekani kuhusu kutumia hai-hati, zile sahani mbili za mguuni, akaona wapiga drams wenzake wa Lagos wako nazo lakini hawazitumii, wao ni mikono tu, akakaa akafanya mazoezi mpaka mguu wa kushoto ukapata akili yake peke yake. Ndo maana ukimsikiza viungo vinne kila kimoja kina habari yake na hakuna kinachogongana na mwenzake.

Sasa mtu kama huyo unamuweka na Jeff Mills na ile 909, mashine ya ngoma ya Roland. Walianza kupiga pamoja Paris mwishoni mwa 2016, ukumbi wa New Morning ambao ni ukumbi wa jazi, sio klabu, watu wanakaa wanasikiza. Kwenye kinanda akawepo Jean-Phi Dary, tumshike jina manake anabaki mpaka mwisho wa hadithi. Septemba 2018 ikatoka EP, yani albamu fupi, Tomorrow Comes The Harvest, kwa lebo ya Blue Note. Watu walishangaa tekno kutoka Blue Note, lebo ya jazi iliyoanza New York 1939, lakini ukiangalia vizuri Allen alikuwa keshaingia hapo, 2017 alitoa na wao The Source na ile ya kumuenzi mpiga drams Art Blakey. Kwa hiyo mwenye mlango alikuwa Allen, Mills ndiye mgeni. Hiyo naona ni muhimu na nimeiweka mapema kwenye skripti, manake kila mtu anahadithia kinyume, kama vile mzee wa Lagos kachukuliwa akapambwe juu ya mashine.

Ukiisikiza ile EP kwa makini utaona Mills hajazi. Angeweza, ana kila kitu mezani, lakini anaacha. Kiki ya Allen, ile ngoma kubwa ya mguuni, ikiwa imekaa mahali mashine haipigi hapo, na mahali Allen ameacha tobo mashine inapitisha kitu chembamba, klapu moja hivi au sahani. Nimesikiza kwa hedfoni mara nyingi mpaka mke wangu kaniuliza kama sina nyimbo zingine.

Allen kafariki Paris tarehe 30 Aprili 2020, akiwa na miaka 79. Kwenye skripti hapo nimeacha ukimya mfupi tu tunaendelea, sitaki muziki wa huzuni, kuna watu wakisikia mtu kafa lazima waweke kinanda.

Alhamisi

Leo nilikuwa na mashine. Sio 909 yenyewe, hiyo Roland waliitoa 1983 wakatengeneza kama elfu kumi tu wakaacha, na ukiiona inauzwa leo bei yake unanunua kiwanja. Jamaa kanikopesha TR-8S, ni ya Roland pia ya kisasa, ina sauti zile zile na mpangilio wa vitufe unafanana, kwa kazi yetu inatosha kabisa.

Hii sehemu ya kipindi nataka msikilizaji aione mashine kichwani kwake hata kama hajawahi kuigusa, kwa hiyo naieleza hapa vile nitakavyoieleza hewani, mniambie kama inaeleweka. Chini kuna vitufe kumi na sita vimepangwa mstari mmoja. Kila kitufe ni hatua moja. Taa inakimbia kutoka cha kwanza mpaka cha kumi na sita halafu inarudi mwanzo, haisimami. Ukichagua kiki ukabonyeza cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13 umepata dum dum dum dum, hapo ushatengeneza nusu ya muziki wa dansi wa dunia. Juu kuna vifundo vya kila sauti, kiki ina cha kupandisha na kushusha sauti yake, cha ukali wa mwanzo, cha urefu wa mkia. Sneya, ile ngoma ndogo kali, ina vyake.

Sauti za ngoma kwenye 909 zinatengenezwa na umeme wenyewe, sakiti, lakini sahani zile, hai-hati na zile kubwa, zimerekodiwa kutoka kwa sahani za kweli kwa biti sita tu, wakati CD ni biti 16. Ndo maana zina ule ukwaru, zinakata kama msasa, na fundi yeyote wa sauti angesema ni ubovu, lakini ukiutoa ule ubovu tekno haipo.

Kwa wengi mashine hii ni ya kupanga. Unapanga mdundo, unauacha uende, unashughulika na mengine. Mills anaicheza kwa mikono. Tazameni video yake ya Exhibitionist 2 ya 2015, kamera iko juu ya mikono yake, anaongeza hatua na kuondoa wakati taa inakimbia, anazima kiki anaiwasha, anabadilisha mkia wa sauti katikati ya mdundo, na hapo hamna laptopu wala kitu kilichopangwa nyumbani. Mwaka huo huo alitengenezewa mashine yake maalum na msanii wa Kijapani Yuri Suzuki, ina umbo la chombo cha anga, inaitwa The Visitor. Mi naona ni mbwembwe kidogo lakini ukishakuwa Jeff Mills unaruhusiwa mbwembwe.

Nimerekodi mfano wangu: mdundo mmoja wa hatua kumi na sita, kwanza nauacha peke yake dakika nzima bila kugusa, halafu dakika ya pili naugusa, nazima tu na kuwasha, siongezi sauti hata moja. Binamu kasikia akasema ya pili inaonekana ni fupi kuliko ya kwanza. Zina urefu sawa. Inaingia kwenye kipindi.

Jumamosi

Hii ya leo ilikuwa ndefu, kaeni.

Sehemu inayofuata kwenye hadithi ni tabla, zile ngoma mbili za Kihindi. Baada ya Allen kufariki, Mills na Dary waliendelea wawili kwa jina la The Paradox wakatoa Counter Active 2021, halafu jina la Tomorrow Comes The Harvest likarudi na mtu wa tatu mpya, Prabhu Edouard, mpiga tabla anayeishi Ufaransa, mwanafunzi wa Shankar Ghosh wa Kolkata. Albamu yao ni Evolution, Axis, 2023. Sasa kiti cha mpiga drams mkubwa kuliko wote wa Afrika hakupewa mpiga drams mwingine, kapewa mtu wa tabla, na hilo kwangu ndo jambo la akili kuliko yote aliyofanya Mills miaka hii, manake mpiga drams yeyote angekaa pale angepimwa na Allen kila usiku mpaka achoke.

Na sisi watu wa Mombasa tabla sio kitu cha kuelezewa na Wikipedia. Taarabu yetu hapa ina Uhindi wake wazi wazi, marehemu Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi na tabla iko nyuma yake, harusi ngapi zimekwenda hivo. Kwa hiyo badala ya kuelezea tabla mwenyewe nikaenda Kibokoni kwa mzee mmoja aliyepiga taarabu miaka mingi, jina lake hataki litajwe hewani, kasema yeye ni mtu mzima sasa ana wajukuu wa madrasa.

Nimefika shikamoo, marahaba, kahawa chungu na kaimati, nusu saa hatujagusa muziki, huo ndo utaratibu. Halafu katoa ngoma zake zimefungwa kwenye kanga kuukuu. Ya kulia ni ya mti, nyembamba, ya kushoto ni ya chuma, ina tumbo. Katikati ya ngozi kila moja ina duara jeusi, ni uji uliochanganywa na unga wa chuma ukapakwa tabaka juu ya tabaka, hapo ndo inapotoka ile sauti inayoimba badala ya kugonga tu. Kajipaka poda ya mtoto viganjani. Kachukua nyundo ndogo akaanza kugonga ukingo wa ile ya kulia, tik, anasikiza, tik, anazungusha, tik, na vile vipande vya mti vilivyobanwa kwenye kamba za ubavuni kavishusha kidogo kidogo. Kaniambia, "Masika hizi ngozi inalegea mwanangu, Bombay hawana unyevu huu." Sina hakika Bombay hawana unyevu lakini sikubishana.

Nikamuwekea Evolution. Hedfoni kazikataa, anataka spika. Kasikiza amefumba macho na vidole vinatembea pajani, dakika kadhaa hasemi neno, mimi nishaanza kuhesabu maneno ya kumuomba radhi, halafu kaniuliza, "Huyu wa tabla wa wapi?" Nikamueleza, mwanafunzi wa fulani wa Kolkata. "Basi kasoma huyo. Na hiyo ngoma nyingine ya nani?"

"Ni mashine, mzee."

"Najua ni mashine. Ya nani? Nani anaikata?"

Nikamuelewesha kuhusu Mills, mikono, vitufe, anazima na kuwasha. Kaitikia kichwa akasema kama iko na mtu wa kuikata sawa, lakini zile alizowahi kupiga nazo yeye kwenye maharusi, mtoto anabonyeza ridhimu kwenye kinanda anakwenda kula biriani, mpiga tabla anabaki anakimbizana na kitu kisichokuwa na mwenyewe. Yote haya yako kwenye rekodi na sauti yake ni safi, alhamdulillah.

Halafu tukapiga. Yeye kapiga keherwa, mdundo wa mapigo manane, ndio ile ya nyimbo nyingi za filamu, na manane yanaingia mara mbili kwenye kumi na sita za mashine bila mabaki, kwa hiyo taa ikirudi kitufe cha kwanza na yeye amerudi kwenye "dha" yake, pigo la kwanza. Raundi za mwanzo niliiacha mashine iende tu na yeye kapiga ya kawaida, salama, anaiangalia ile taa kwa jicho la pembeni. Nikazima kiki hatua nne za mwisho. Palipobaki wazi mkono wake wa kushoto ukaingia hapo hapo, kile kiganja kikasukumwa juu ya ngozi ile besi ikapanda kama inauliza swali, na kiki iliporudi kwenye moja mzee kacheka. Raundi iliyofuata sikuzima, na nikaona amesubiri mahali pale pale akakuta pamejaa, kaniangalia. Nikazima tena. Tukaenda hivo mpaka adhana ya alasiri ikatukata sote, mimi na mashine na yeye.

Nilichokuwa naandika kwenye skripti kwa maneno mia tatu kile kicheko kimekimaliza. Maneno mia tatu yamefutwa.

Jumapili

Ugomvi mdogo wa kuediti. Binamu anataka tuanze kipindi na ile adhana, anasema inaleta hali ya Mombasa. Nimekataa. Kila mtu akifanya kipindi cha pwani lazima adhana, mawimbi, na mama anakaanga kitu, tumechoka, sisi wenyewe tunaishi hapa hatuanzi siku kwa kujiwekea sauti ya mawimbi. Tunaanza na nyundo. Tik, kimya, tik. Kakubali ila kaniambia mi ni mkaidi.

Nimerudi kwenye Evolution leo na masikio mapya baada ya jana. Vipande ni virefu, havina haraka. Dary kwenye kinanda ndiye anayeshika sakafu, na watu hawamtaji kabisa, lakini yeye ndiye aliyekuwepo na Allen, aliyekuwepo kwenye The Paradox, na aliyepo sasa, nahisi bila yeye Mills angekuwa anaanza upya kila mara. Tabla ya Edouard ni ya kidarasa, ya raga, muziki wa kale wa Kihindi, sio ya harusi, huko wana tintal yenye mapigo kumi na sita. Kumi na sita! Sawa na vitufe. Na ndani ya tintal kuna mahali baada ya katikati mkono wa kushoto unanyamaza, besi inaondoka kwa makusudi, inabaki ile kavu ya kulia, halafu kwenye pigo la 14 besi inarudi ili moja ikifika uisikie imefika. Mtu wa tekno akisikia hivyo anajua ni nini, ni ile ile anayofanya DJ anapoondoa besi watu wanyanyue mikono. Sisemi Mills kaichukua kutoka India, sio hivo, nasema watu wawili waliolelewa na mambo haya wakikaa pamoja hawahitaji mkalimani.

Counter Active naona ni nzuri ila safi mno. Wawili, mashine na vinanda, kila kitu kimekaa mahali pake, hakuna wa kumsukuma mwenzake. Nimeipa dakika mbili kwenye kipindi na hata hizo binamu anazitolea macho.

Jumatano

Mengineyo, haraka haraka, manake kuna watu wameandika "mbona hujataja hii".

Okestra. Ndio, itakuwepo. Julai 2005, Pont du Gard kule kusini mwa Ufaransa, daraja la maji la Warumi, Mills na okestra ya Montpellier, ikatoka kwa jina Blue Potential. Mpangaji wa muziki alikuwa Thomas Roussel. Ni tukio kubwa na picha zake ni za ajabu lakini kwa swali letu halina mengi, okestra ya watu wengi vile haiwezi kumfuata mtu anayebadilisha mawazo kwenye hatua ya 13, kila kitu kimeandikwa kwenye karatasi, kwa hiyo hapo binadamu ndo wamekuwa mashine. Hilo nitalisema, litawaudhi wengine.

Spiral Deluxe. Hii ni bendi kabisa, watu wanne: Mills, Gerald Mitchell wa Detroit kwenye kinanda, na Wajapani wawili, Kenji Hino besi na Yumiko Ohno wa bendi ya Buffalo Daughter kwenye Moog, kinanda cha umeme. Voodoo Magic, 2018. Mwaka mmoja na ile EP ya Allen, na ukizisikiza pamoja unaona jamaa alikuwa na homa ya bendi mwaka ule. Ina fanki ndani yake, weka ukiwa unapika.

Mamoru Mohri. Hii naipenda kwa sababu mwenzake sio hata mwanamuziki, ni mwanaanga wa Japani aliyepanda na chombo cha Endeavour 1992 na tena 2000, wakatengeneza Where Light Ends 2013 kutokana na safari yake. Haingii kwenye swali la mashine na bendi. Inaingia kwa sababu mi ndiye mwenye kipindi.

Metropolis. Filamu ya Fritz Lang ya 1927, Mills aliiandikia muziki 2000 na akairudia upya, Metropolis Metropolis, 2023. Filamu haina sauti, kwa hiyo anapiga na watu walioshakufa zamani. Nitaitaja kwa sentensi moja.

The Trip, Enter The Black Hole, 2024, jukwaa la Tokyo pale Shinjuku na albamu ya Axis, mwimbaji Jun Togawa, nguli wa Japani tangu miaka ya themanini. Hii inastahili kipindi chake, nimeihamishia sehemu ya nne. Mtu aliyejenga jina kwa muziki usio na mwimbaji anakuja na mwimbaji kwenye miaka sitini, hapo kuna mazungumzo.

Ijumaa usiku

Hali ilipo. Skripti imepungua. Rekodi ya mzee imesafishwa, kulikuwa na tuktuk moja inapita kila mara, nadhani ni ile ile, binamu kaitoa kwa programu bila kula sauti ya tabla na sijui kafanyaje. Nyimbo za Mills hatuweki zaidi ya vipande vifupi vya kuonyesha tunachozungumzia, mtu akitaka nzima aende Axis anunue, lebo ni ya jamaa mwenyewe na hela inafika.

Kuna mtu kauliza mbona Mills asifanye kitu na watu wa singeli. Nimecheka lakini nimekaa nikalifikiria. Singeli ya Dar iko zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, tangu lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala watoe Sounds of Sisso 2017 Wazungu wanaicheza kwenye klabu zao za tekno bila kumsubiri mtu wa Detroit aje kuwafungulia mlango. Wakikutana siku moja vizuri, wasipokutana singeli haijapungukiwa.

Kilichobaki: kurekodi utangulizi upya, manake ule wa kwanza niliusoma na mafua. Kumpelekea mzee asikize kabla hatujatoa, nimemuahidi, na kama kuna neno hataki linatoka. Kumuomba jamaa wa TR-8S wiki moja zaidi, hapo mniombee dua.

Jaribio la keherwa na mashine nitalipandisha kesho lote bila kukatwa, mpaka pale adhana inapoanza na hapo nimefunga. Sikizeni kwa spika au hedfoni, sio kwa simu, ile ngoma ya kushoto kwenye spika ya simu haitoki kabisa mtadhani mzee alikuwa anapumzika.